Likizo Bila Kengele

Shule yetu haikuwa na kengele ya shaba kama ile ya kanisa. Ilikuwa na rimu ya lori, imetundikwa kwa waya katika tawi la mkalitusi, na mwanafunzi wa zamu aliipiga kwa kipande cha chuma. Sauti yake ilifika hadi ng'ambo ya bonde. Asubuhi ilituamsha. Ilituita kwenye sala, ikatuita kwenye mstari, ambako mwalimu alitazama kucha zetu na masikio yetu. Ilitujulisha saa ya mpira, saa ya kunawa mikono, saa ya kurudi nyumbani. Sisi tuliichukia. Siku ya kufunga shule kwa ajili ya Noeli, mwaka 2000, tulipokea buletini zetu, tukaimba, tukateremka kilima mbio, na mmoja wetu akaitupia rimu ile jiwe. Ililia ngo! mara moja. Tukacheka sana.

Mimi nilikuwa na miaka 11, na mdogo wangu alikuwa na miaka 8. Tulikaa karibu na Rubaya, katika milima ya Masisi. Nchi yetu ni ya baridi na ya majani mabichi. Ng'ombe hulisha juu ya vilima. Viazi, maharagi na kabichi husitawi. Na mwezi wa Desemba mvua hunyesha karibu kila siku, hata njia zinakuwa utelezi mtupu. Lakini chini ya majani hayo mna koltani. Ni mchanga mweusi, mzito, na ndani yake hutolewa madini yaitwayo tantali, ambayo hutumika katika simu na kompyuta. Mwaka ule wa 2000 bei ya madini hayo ilipanda sana ulimwenguni, na habari zikafika mpaka kwetu. Wakulima wakaacha majembe. Vijana wakaacha ng'ombe. Baba yangu naye alikwenda machimboni, akawa anarudi nyumbani mara moja kwa juma, nguo zake zimeganda udongo. Mwaka uliofuata bei ilianguka tena, lakini nani kati yetu aliyeweza kujua hayo?

Basi likizo ikaanza, ile tunayoiita vakansi. Siku ya kwanza nililala mpaka saa nne ya asubuhi. Hakuna rimu iliyolia. Mama alikuwa amekwisha kwenda shambani. Nyanya alikuwa amekaa karibu na moto akichambua maharagi, akanitazama, akasema:

“Mjukuu wangu, kuku wamekula mara mbili, nawe hata uso hujanawa.”

Nikamjibu, “Nyanya, ni vakansi.”

“Ah! Kumbe vakansi ni ugonjwa wa kulala,” akasema, akaendelea na maharagi yake.

Siku ya pili ilikuwa kama ya kwanza, na ya tatu kama ya pili. Nilikaa barazani, nikala viazi vya kuchoma bila kunawa mikono, nikasinzia. Mwili ukawa mzito. Jambo la ajabu ni kwamba kadiri nilivyopumzika ndivyo nilivyozidi kuchoka. Siku za shule nilipanda kilima kile kila asubuhi na vitabu begani, wala sikuhema. Sasa kuchota maji tu kulinishinda, nikamtuma mdogo wangu mahali pangu.

Noeli yenyewe ilikuwa nzuri. Tulikwenda Misa ya usiku, tukaimba mpaka sauti zikakauka. Mchana wake mama alipika nyama ya ng'ombe, wali, na viazi vya kukaanga. Watu wa kwetu huenda wakakaa miezi bila kuonja nyama, hula maharagi na sombe na ugali, na mwili huzoea. Mimi nilikula nyama ile kana kwamba Noeli haitarudi tena duniani. Tumbo likawa gumu kama ngoma. Usiku nilitapika nyuma ya nyumba, mvua ikininyeshea. Nalieleza jambo hili bila haya, kwa kuwa najua wasomaji wengi wamekwisha kufanya vilevile.

Kama mambo yangekomea hapo nisingekuwa na habari ya kuandika.

Kesho yake walikuja wavulana watatu wa darasa letu. Walikuwa na mabeseni. Wakasema chini ya machimbo, kwenye kijito, watu wazima wanawalipa watoto ili waoshe mchanga wa koltani. Kazi yenyewe ni rahisi, wakasema: unaweka udongo katika beseni, unatia maji, unazungusha, udongo mwepesi unakwenda na maji, mweusi mzito unabaki. Jioni unapewa franka. Mmoja akatoa mfukoni bombo, akatugawia, na bombo ile iliyeyuka kinywani kabla sijapata kuuliza kama mama atakubali.

Nilijua kwamba hatakubali. Kwa hiyo sikumwuliza. Nilimwambia mdogo wangu abaki na Nyanya, lakini alinifuata, akaita nyuma yangu, “Yaya! Yaya, ningoje!” Nami nikamngoja. Siku hizi, ninapoikumbuka safari ile, ni hapo tu ndipo moyo unapouma. Nilikuwa na nafasi ya kumrudisha.

Tulioga udongo kwa siku tatu. Maji ya mlimani ni ya baridi kali; tulisimama ndani yake mpaka magoti tangu asubuhi hadi saa kumi, migongo imepinda. Mikono ilikuwa myeupe na yenye mikunjo kama ya wazee. Juu yetu, mlimani, mamia ya watu walikuwa wakichimba. Walilala huko huko katika vibanda vya maturubai, wakapika huko, na kwa haja zao walikwenda pembeni kidogo tu, maana vyoo havikuwapo. Mvua iliponyesha, kila kitu kiliteremka kijitoni. Sisi tulikuwa chini. Na tulipoona kiu tuliinama, tukanywa katika viganja. Wakubwa nao walikunywa hivyo. Mdogo wangu aliuliza mara moja, “Yaya, maji haya ni mekundu, yanafaa?” Nikamjibu kwamba ni rangi ya udongo tu. Nilisema kweli kuhusu rangi. Vijidudu vyenyewe havina rangi, wala havionekani kwa macho.

Siku ya tatu ilikuwa tarehe 28 Desemba, sikukuu ya Watoto Mashahidi. Jioni tulinunua bombo na mikate, tukala njiani. Mdogo wangu hakumaliza wake. Alisema tumbo linamsokota.

Usiku ule kuhara kulimshika. Mara ya kwanza mama hakushtuka. Mara ya tano aliwasha taa. Kilichotoka hakikuwa tena choo, kilikuwa maji matupu, meupeupe, kama maji yaliyooshea mchele. Kisha akaanza kutapika. Kabla ya usiku wa manane macho yake yalikuwa yameingia ndani, na midomo imekauka. Mama alimfinya ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, akaachia. Ngozi haikurudi mahali pake upesi. Ilibaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa. Nilimwona mama akiitazama ngozi ile, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo:

“Mlikunywa maji gani?”

Nikamwambia yote.

Jirani mmoja alisikia kilio, akaja. Alikuwa mzee wa heshima. Akasema, “Mama, usimpe maji hata tone. Unayaona yanavyotoka. Ukimwongezea, yatatoka zaidi. Mfunge tumbo, umwache kavu mpaka asubuhi.” Wengi kwetu walifikiri hivyo, na wengine hufikiri hivyo hata leo. Maneno yake yaliingia akilini vizuri. Ndoo inayovuja, nani huijaza?

Lakini mama alikuwa ameuona ugonjwa huo mahali pengine. Mwezi wa Julai mwaka 1994 alikuwa Goma, akiuza maharagi, wakati wakimbizi wa Rwanda, mamia ya maelfu ya watu, walipovuka mpaka katika siku chache. Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano. Huwezi kuchimba choo, huwezi kuchimba kisima, na watu wengi walichota maji katika Ziwa Kivu na kuyanywa hivyo hivyo. Kolera ikalipuka, ikifuatwa na kuhara damu. Waganga walioandika habari za siku zile walikadiria kwamba karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza. Mama hakupenda kusimulia. Lakini jambo moja alikuwa amelisimulia mara nyingi: waliopewa maji mapema, maji safi yenye sukari na chumvi, wengi wao waliinuka na kutembea. Wengine walikufa kwa kukauka tu, kama mmea.

Basi mama alimjibu jirani kwa adabu, “Asante, baba. Lakini nitampa.” Akaniamuru nichochee moto.

Tulichemsha maji. Mama alipima lita moja kwa chupa ya mafuta iliyooshwa vizuri, akatia vijiko vidogo sita vya sukari, vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko cha chumvi. Alikorogea, akaonja. “Yasizidi chumvi ya machozi,” akasema. Sukari ilitoka kwa jirani yule yule, maana yetu ilikuwa imekwisha siku ya Noeli katika chai. Nashukuru kuandika hilo: alikuwa mtu mwema mwenye wazo baya, akaenda mvuani kutuletea sukari yake yote.

Mdogo wangu alikunywa, akatapika. Mama alingoja kidogo, kama dakika kumi, akaanza tena, kijiko kimoja, akatulia, kijiko kingine. Nilihesabu vijiko mpaka mia tatu na kitu, kisha usingizi ukanivuruga hesabu. Nyanya alishika rozari. Kila alipohara, mama alimpa kikombe kingine. Hakuna aliyelala, ila jogoo.

Alfajiri wanaume wanne walikuja na kipoyi, wakamchukua mpaka dispensari ya masista. Njia ilikuwa utelezi, na mara mbili mbebaji alianguka kwa magoti. Mimi nilitembea kando na ile chupa mkononi, na kila waliposimama kupumzika nilimpa kijiko. Sista mwuguzi alimtia serumu mkononi. Alipomwona akikojoa, baada ya mchana, alicheka kwa furaha hata mimi nikashangaa. Tangu lini watu wakafurahia mkojo? Akanieleza kwamba mwili uliokauka haukojoi, kwa hiyo huo ulikuwa mkojo wa thamani kuliko koltani. Alimwambia mama: “Ungalimwacha kavu usiku kucha, tungalizika leo.”

Mtoto mwingine wa kile kijito, mmoja wa wale watatu wenye mabeseni, aliachwa kavu. Tulimzika kabla ya Bonane. Kaburi lake liko upande wa mikalitusi.

Siku mbili baada ya Bonane mjomba wangu alifika. Katika ujana wake alikuwa katika chama cha Xaveri, chama cha vijana kilichoanzishwa na Padri Georges Defour huko Bukavu mwaka 1952, na mambo ya chama kile hayakumtoka maishani: kuamka mapema, kuimba, kutembea, kufanya kazi pamoja, kusaidia mzee bila kuombwa. Alisikia habari zetu zote. Nilifikiri atanipiga. Hakunipiga. Alisema, “Kesho saa kumi na mbili.”

Saa kumi na mbili alinivuta blanketi. Tulikimbia hadi kwenye mikalitusi ya juu na kurudi. Siku ya kwanza nilihema kama ng'ombe anayezaa. Kisha tulinawa uso na mikono kwa sabuni, tukasali, tukanywa uji. Halafu kazi. Mjomba alikuwa na chukudu, lile gari letu la mbao lenye magurudumu mawili, ambalo watu wa Kivu walianza kulitengeneza katika miaka ya 1970 na ambalo siku hizi lina sanamu yake kubwa mjini Goma. Tulisukuma kuni na kabichi za mama mlimani, na wakati wa kuteremka alinipandisha juu yake, goti moja kwenye mbao, upepo ukipiga masikio. Mjomba alisema mwili ni kama chukudu: likilala mvuani bila kazi, mbao huvimba na magurudumu hukataa, likibebeshwa kupita kiasi, huvunjika. Kwa hiyo hakuniruhusu kubeba bidoni ya lita 20, maana ni kilo 20, nami nilikuwa bado mtoto. Alinipa ya lita 5, akasema niende mara mbili.

Mchana tulicheza. Tulifunga mpira kwa majani makavu ya migomba na kamba, na wasichana waliruka kamba barazani, wakatushinda wote kwa pumzi. Mdogo wangu alikaa kwenye mkeka akitazama. Siku ya kwanza alitembea hatua kumi. Kesho yake alifika kwenye zizi la mbuzi. Mjomba alimwekea kazi ya kuhesabu magoli, naye alihesabu kwa haki, ila upande wangu daima ulipata goli moja la zawadi.

Kuhusu maji, mjomba alikuwa mkali kupita padri. Kila tone la kunywa lilichemshwa. Alinifundisha kwamba katika nchi za juu kama yetu maji huchemka upesi, kabla hayajapata moto wote ambao maji ya nchi za chini hupata. Kwa hiyo povu la kwanza lisitudanganye, tuyaache yachemke sawasawa kwa dakika tatu. Halafu yakae katika chombo chenye kifuniko, na kikombe chenye mkono mrefu cha kuchotea, ili vidole visiingie ndani. Choo chetu kilikuwa karibu na mfereji; alichimba kingine, mbali na chini ya mahali pa kuchotea maji, nami nilitoa udongo. Kazi hiyo ilimaliza siku tatu za likizo. Sikulalamika hata mara moja, jambo ambalo kwangu halikuwa la kawaida.

Mambo mengine aliyotukataza nitayataja upesi, kwa kuwa yanajulikana. Usilale na babula yenye makala ndani ya nyumba iliyofungwa, hata baridi ikizidi. Moshi wake usioonekana huua watu usingizini. Usiguse chuma usichokijua porini: vita vimepita mara nyingi katika Masisi, na vitu vilivyoachwa si vya kuchezea. Na machimboni, usikanyage. Hilo la mwisho tulilijibu kwa sauti moja kabla hajamaliza.

Sasa mimi ni mwalimu, na kila mwaka kabla ya Noeli ninawatazama wanafunzi wangu wakishika buletini zao. Nawajua wale watakaolala mpaka saa nne. Siku hizi wengine hukaa kutwa wameinamia simu ya kaka yao, simu ambayo pengine ina punje ya mlima wetu ndani yake. Nawajua pia wale ambao nyumbani hakuna chakula, na ambao wataitwa kijitoni, si kwa bombo bali kwa njaa. Kwa hao sina maneno mepesi. Mwezi wa Januari 2026 udongo wa machimbo uliporomoka Rubaya kwa mvua, ukafunika watu wengi, na watoto walikuwa miongoni mwao. Nilipoisikia habari hiyo nilikwenda nje, nikasimama chini ya mti wa rimu kwa muda.

Lakini nilikuwa nikisimulia mwaka 2000, na sijamaliza. Mwezi wa Januari shule ilifunguliwa. Rimu ililia, nami nilifika wa kwanza kwenye mstari. Mdogo wangu alikuja juma moja baadaye, shingo imekuwa nyembamba, suruali imefungwa kwa kamba. Mwalimu alipotazama kucha zake alimwambia tu, “Karibu.”

Likizo ya Pasaka ilipofika nilidhani nitalala kidogo, angalau siku ya kwanza. Kulikuwa bado giza niliposikia mlio wa chuma nje ya nyumba. Ngo, ngo, ngo! Nikatoka na blanketi. Mdogo wangu alikuwa amelitundika jembe bovu la Nyanya kwenye mti wa parachichi, naye alilipiga kwa jiwe kwa nguvu zake zote. Mbwa wa jirani walibweka. Nyanya aliuliza kutoka ndani ni nani aliyekufa.

“Hakuna aliyekufa, Nyanya,” mdogo wangu akajibu. “Ni saa kumi na mbili.” Kisha akanigeukia, akasema, “Yaya, mbio. Mpaka kwenye mikalitusi.”

Alinishinda kwa hatua nne.